Jiometri difarensheli kwa anayesubiri chuo: anzia kwenye chungwa la Muheza

Nunua chungwa moja soko la Mgandini, yale ya Muheza yenye ganda gumu kidogo, ila mwambie muuzaji asilimenye. Ukifika nyumbani chukua pini, uzi, rula na kalamu. Chomeka pini kwenye chungwa, funga uzi kwenye pini, pima sentimita 3 za uzi, fungia kalamu hapo, kisha izungushe huku uzi umekazwa na umelala juu ya ganda. Utapata duara. Sasa laza uzi mwingine juu ya mstari wa duara hilo, ukate unapokutana, uupime kwenye rula.

Darasani tulifundishwa kwamba mzingo wa duara ni mara mbili ya pai mara nusu kipenyo: 2 × 3.1416 × 3, yaani sentimita 18.85. Kama chungwa lako lina nusu kipenyo cha sentimita 4, uzi wako utakuwa na urefu wa karibu sentimita 17.1. Rudia mara tano, itakuwa hivyo hivyo. Zaidi ya sentimita moja na nusu imepotea, na mkono wako hauna kosa. Sisimizi anayeishi juu ya chungwa hilo, ambaye hajawahi kuliona kwa mbali, angeweza kufanya kipimo hicho hicho na akajua kwamba ardhi yake imepinda, tena imepinda kwa kiasi gani.

Somo linaloshughulika na mambo haya linaitwa jiometri difarensheli, yaani jiometri ya mistari na nyuso zilizopinda, inayotumia kalkulasi kupima kile ambacho rula peke yake haiwezi. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa hapa Tanga waliomaliza kidato cha sita wakiwa na hisabati, na sasa wanasubiri chuo kifunguliwe wakasome hisabati yenyewe, fizikia, upimaji wa ardhi au uhandisi. Mtihani mnamaliza Mei, vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Hata ukitoa muda wa JKT, miezi inayobaki inatosha.

Mimi mwenyewe nilikutana na somo hili vibaya. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, akaandika ubaoni maana ya manifoldi (nafasi ya vipimo vyovyote ambayo kila kipande chake kidogo kinafanana na nafasi bapa) kwa mistari sita, akaendelea mbele. Alikuwa anajua sana, lakini alianzia mwisho. Muhula mzima nilikariri alama, nikafaulu mtihani, na bado nisingeweza kumweleza mdogo wangu mpindo ni kitu gani. Nilikuja kuelewa miaka miwili baadaye, nikiwa nimechuchumaa pwani ya Sahare kando ya mashua iliyokuwa inaundwa. Ndiyo maana nasisitiza uanze na vitu unavyoweza kuvishika, uvipime, ndipo ukokotoe, halafu ulinganishe majibu mawili. Nimetoa tuisheni Ngamiani kwa miaka kadhaa sasa na sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho

Jipe maswali manne, bila kufungua daftari. Unaweza kupata derivativu ya cosh x? Ukipewa vekta mbili, unaweza kupata zidisho la nukta na zidisho la msalaba, na kueleza kwa nini urefu wa hilo la pili ni eneo la msambamba? Ukipewa z = x²y, unaweza kupata derivativu kwa x huku y umeishikilia isibadilike? Unaweza kutafuta ditaminanti na thamani aigeni za matriksi ya 2 kwa 2 (zile namba ambazo matriksi inazidishia vekta isizozigeuza mwelekeo)?

Mawili ya kwanza uliyasoma kidato cha tano na cha sita. La tatu huenda ni geni, lakini ni kazi ya wiki moja tu, kwa sababu kanuni ni zile zile ulizozoea. La nne lichukulie wiki mbili. Usiseme nitayasoma nikifika chuoni. Wanaokwama kwenye somo hili, wengi wao hawakwamishwi na jiometri. Wanakwamishwa na derivativu zinazowachukua dakika kumi wakati zilipaswa kuchukua moja.

Hatua ya 2: Mistari inayopinda

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo hili unalijua kwa mwili wako. Ukikata kona pana huhisi kitu. Ukikata kona kali kwa kasi ile ile unavutwa pembeni. Kinachotofautiana ni mpindo wa njia yako.

Mpindo wa duara ni moja gawanya kwa nusu kipenyo. Gurudumu la baiskeli lenye nusu kipenyo cha sentimita 33 lina mpindo wa karibu 3 kwa mita. Mzunguko wa barabarani wenye nusu kipenyo cha mita 20 una mpindo wa 0.05 kwa mita. Duara likizidi kupanuka mpindo unazidi kupungua, na mstari mnyoofu mpindo wake ni sifuri. Mstari ambao si duara una mpindo tofauti kila mahali: unachagua nukta, unatafuta duara linaloukumbatia mstari pale kuliko maduara mengine yote, na mpindo wa duara hilo unakuwa mpindo wa mstari kwenye nukta hiyo.

Hivi ndivyo nilivyoupima Sahare.

"Shikamoo fundi. Naomba nipime ubao wako."

"Marahaba. Pima, ila kigingi hicho usikiguse."

Ubao ulikuwa umeshapindwa na kufungwa kwenye mataruma. Kwa ndani nilivuta uzi ukiwa umenyooka, kutoka nukta moja ya ubao hadi nyingine, urefu wa mita 1 kamili. Katikati ya uzi nikapima umbali hadi kwenye ubao: sentimita 2. Kanuni ni hii: chukua mraba wa urefu wa uzi, ugawe kwa mara nane ya kina, kisha ongeza nusu ya kina. Yaani 1 ÷ (8 × 0.02) + 0.01, ambayo ni mita 6.26. Hicho ni nusu kipenyo, kwa hiyo mpindo ni 0.16 kwa mita. Nikasogea karibu na omo nikarudia: kina sentimita 5. Nusu kipenyo kikawa mita 2.53 na mpindo karibu 0.40. Fundi hakuhitaji namba zangu kujua kwamba ubao unakazwa zaidi kuelekea omo, lakini mimi kwa mara ya kwanza niliona funksheni ya mpindo ikitembea juu ya kitu halisi. Kanuni yenyewe usiikariri. Chora picha, tumia Pithagorasi, uitoe mwenyewe.

Ukishapima, ingia kwenye kalkulasi. Kwa mstari y = f(x), mpindo ni |y″| gawanya kwa (1 + y′²) iliyopandishwa kipeo cha 3/2. Jaribu y = x². Kwenye x = 0 utapata 2; kwenye x = 1 utapata karibu 0.18. Halafu jaribu ule mstari wa kamba ya kuanikia nguo inayoning'inia kwa uzito wake yenyewe, y = a cosh(x/a). Ukitumia ile kwamba 1 + sinh² ni sawa na cosh², kila kitu kinajifuta na unabaki na 1 gawanya kwa a cosh²(x/a). Kila mwaka naulizwa zile funksheni za haipaboli za kidato cha sita ni za nini. Mojawapo ya kazi zake ndiyo hiyo, na inaning'inia uani kwenu.

Kwa mstari unaotembea angani tunaandika r(t), nafasi kwa wakati t, na mpindo ni urefu wa r′ × r″ gawanya kwa urefu wa r′ uliopandishwa kipeo cha tatu. Jihadhari na sehemu moja: r′ isiwe sifuri. Chora (t², t³) uone inavyotengeneza ncha kali pale t = 0. Pale kanuni haifanyi kazi, na vitabu vitakuambia mstari uwe "wa kawaida" bila kueleza kwamba wanaikwepa ncha kama hiyo.

Faida ya haraka ya mpindo ni mchapuko wa kuelekea ndani ya kona, ambao ni mraba wa kasi mara mpindo. Bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, ikipita kona ya nusu kipenyo mita 20, inahitaji 100 × 0.05, yaani 5. Hiyo ni nusu ya nguvu ya uvutano. Barabara ikiwa na mchanga, matairi hayawezi kuitoa. Kwenye reli jambo ni lile lile. Njia yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, ina sehemu nyoofu na sehemu za kona, na treni ikitoka kwenye mpindo sifuri na kuingia ghafla kwenye mpindo wa duara, kila behewa linapigwa mtikiso. Wahandisi wa reli hutibu hilo kwa kuweka katikati mstari ambao mpindo wake unaongezeka sawasawa kadiri unavyosonga mbele. Unaitwa spaili ya Euler, kwa jina la mwanahisabati wa Uswisi. Unautaka uuone? Rudi Mgandini, safari hii mwache muuzaji alimenye chungwa kwa ule utepe mwembamba usiokatika kutoka juu hadi chini. Utandaze utepe huo mezani. Utalala kama herufi S yenye mikia iliyojiviringa, na kadiri ulivyo mwembamba ndivyo unavyoikaribia spaili hiyo.

Hatua ya 3: Msokoto

Mkonge uliletwa Tanga mwaka huo huo wa 1893, na kamba yake ndiyo mwalimu wa hatua hii. Nyuzi za kamba zinapinda, lakini pia zinapanda. Haziwezi kulala kwenye meza bila kuharibika. Kiasi cha mstari kutoka nje ya bapa lake tunakiita msokoto.

Chukua mpini wa fagio wenye nusu kipenyo cha sentimita 1.5. Uzungushie uzi upande sentimita 6 kila mzunguko. Kwa herufi, a = 1.5 na b ni 6 gawanya kwa 2π, yaani 0.955. Mpindo ni a/(a² + b²), unapata 0.47 kwa sentimita. Msokoto ni b/(a² + b²), unapata 0.30. Vyote viwili havibadiliki popote kwenye uzi, na ndiyo maana kamba ndefu inaonekana sawa kila sehemu. Kisha uhakiki urefu: funga karatasi kwenye mpini, chora njia ya uzi, ifungue. Njia imekuwa mstari mnyoofu kwenye pembetatu yenye pande 9.42 na 6, na urefu wake ni sentimita 11.17. Kumbuka kwamba ilinyooka karatasi ilipofunguliwa. Tutairudia.

Wafaransa wawili, Frenet mwaka 1847 na Serret mwaka 1851, walionyesha kila mmoja kwa njia yake jinsi mpindo na msokoto vinavyoendesha mstari. Ukivijua viwili hivyo kila mahali, na mpindo hauwi sifuri, umbo la mstari umelijua lote. Kilichobaki ni umeuweka wapi na umeuelekeza upande gani. Fanya mazoezi kumi ya hapa kabla ya kuendelea. Kumi ya kweli.

Hatua ya 4: Kupima ukiwa juu ya uso

Fungua ramani. Digrii moja ya longitudo ina kilomita ngapi? Inategemea uko wapi. Hapa Tanga, kwenye latitudo ya digrii 5 hivi kusini, ni karibu kilomita 110.8. London, latitudo 51.5, ni kilomita 69 hivi. Digrii ya latitudo yenyewe ni kama 111 kote kote, ukiichukulia dunia kuwa tufe.

Maana yake ni kwamba namba za ramani hazitoshi. Unahitaji na kanuni inayosema, mahali hapa, hatua ndogo kwenye namba ni hatua gani kwenye ardhi. Kwa dunia yenye nusu kipenyo R, mraba wa hatua ndogo ni R² mara mraba wa hatua ya latitudo, jumlisha R² cos² ya latitudo mara mraba wa hatua ya longitudo. Hii ni Pithagorasi, isipokuwa vizidishi vyake vinabadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwa uso wowote, u na v zikiwa namba mbili za ramani yake, tunaandika E du² + 2F du dv + G dv² na tunaiita fomu ya kwanza ya msingi. Katika mfano wetu E ni R², F ni sifuri kwa sababu mistari ya latitudo na longitudo inakutana kwa pembe mraba, na G ni R² cos².

Zoezi la hatua hii ni kutafuta E, F na G za silinda, pia (koni), tufe na tyubu ya baiskeli. Utaona silinda inakupa vizidishi vile vile vya karatasi bapa. Usilipite hilo haraka. Fomu hii ni kila kitu anachokijua sisimizi wetu: urefu, pembe, eneo. Asichokipata hapa hana njia ya kukipata bila kuondoka juu ya uso.

Hatua ya 5: Mpindo wa uso

Hapa ndipo moyo wa somo ulipo, na hapa utakaa muda mrefu kuliko hatua zote.

Weka mbele yako mtungi wa maji. Kwenye tumbo lake, mstari wowote unaouchora unapinda kuelekea ndani. Kwenye shingo mambo ni mengine: mstari unaozunguka shingo unapindia ndani, ila unaoshuka kutoka mdomoni kuja tumboni unapindia nje. Euler, katika karne ya 18, alionyesha kwamba kila mahali juu ya uso kuna mwelekeo wenye mpindo mkubwa kuliko yote na mwelekeo wenye mpindo mdogo kuliko yote, na kama hiyo miwili si sawa, mielekeo hiyo inakutana kwa pembe mraba. Ukiijua miwili unaijua yote. Hapa ndipo thamani aigeni za matriksi zinapofanya kazi: mipindo hiyo miwili ndiyo thamani aigeni zenyewe.

Zidisha miwili hiyo, unapata mpindo wa Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, unaoandikwa K. Tumbo la mtungi lina K chanya. Shingo lina K hasi, kwa sababu unazidisha chanya kwa hasi. Silinda ina sifuri, kwa sababu upande mmoja haupindi kabisa. Tufe ina moja gawanya kwa mraba wa nusu kipenyo.

Tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo inazo aina zote tatu kwa pamoja. Chukua ambayo unene wake una nusu kipenyo cha sentimita 2.5, na umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi katikati ya tyubu ni sentimita 30. Ukingo wa nje K ni 1 ÷ (2.5 × 32.5), yaani 0.0123 kwa sentimita ya mraba. Ukingo wa ndani, ule unaogusa ringi, ni −1 ÷ (2.5 × 27.5), yaani −0.0145. Juu kabisa, kati ya nje na ndani, ni sifuri.

Sasa turudi Sahare. Nilipomaliza kupima nilimuuliza fundi kwa nini mbao zake ni nyembamba kwa upana na kingo zake hazijanyooka. Akachukua kipande kilichobaki, akakipinda kwa mikono miwili. "Ubao utaupinda hivi. Ukitaka kuupinda na hivi tena, unapasuka." Kwa maneno hayo alikuwa amenieleza nadharia ambayo Gauss aliiwasilisha mwaka 1827 na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya nadharia tukufu, Theorema Egregium. Inasema K haibadiliki ukipinda uso bila kuunyoosha wala kuuminya, na kwamba K inaweza kukokotolewa kutoka E, F na G peke yake. Ubao bapa una K sifuri. Ukishaupinda upande mmoja, upande wa pili lazima ubaki haupindi ili zao libaki sifuri. Kulazimisha ni kuupasua. Ndiyo maana tumbo la mashua, lenye K chanya, linajengwa kwa mbao nyingi nyembamba zilizochongwa kingo, na ganda la chungwa linachanika ukilikandamiza mezani.

Ni ajabu kwa sababu hii: mipindo miwili ya Euler unaipata ukiutazama uso kutoka nje, na kila mmoja peke yake unaweza kubadilika. Kunja mkeka uwe kama bomba, mpindo mmoja umebadilika. Zao lao tu ndilo lililokaa pale pale, na hilo sisimizi analiona. Gauss hakulitoa hewani. Katika miaka ile ile ya 1820 alikuwa anaongoza upimaji wa ardhi ya Hanover, akisumbuka na pembetatu halisi juu ya vilima halisi.

Tazama paa lako. Bati likiwa bapa linanesanesa likishikwa upande mmoja. Likishakunjwa migongo linabeba mtu. Migongo imeupa upande mmoja mpindo, na ili K ibaki sifuri upande mwingine unalazimika kukaa umenyooka. Shika karatasi kwa ncha yake, inaanguka; ikunje kidogo katikati kwa urefu, inasimama. Sababu ni hiyo hiyo.

Na lile chungwa la mwanzo? Kuna kanuni inayotoa K kutoka kwenye duara dogo: chukua mzingo uliotarajiwa, toa mzingo uliopatikana, gawanya kwa nusu kipenyo kipeo cha tatu, zidisha kwa 3/π. Kwa hesabu kamili ya chungwa la sentimita 4, mzingo ni 17.13, kwa hiyo upungufu ni 1.72. Gawanya kwa 27, zidisha kwa 0.955: unapata 0.061. Mpindo wa kweli ni 1/16, yaani 0.0625. Tofauti ndogo iliyobaki inatokana na duara kutokuwa dogo vya kutosha. Kinyume chake utakiona kwa wanaofuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia. Ukiongeza vitanzi kidogo mno kila mzunguko, kitambaa kinajikunja kama kofia. Ukiongeza vingi mno, kinatoa mawimbi pembeni kwa sababu mzingo umezidi. Mawimbi hayo ni K hasi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina alifuma nyuso za namna hiyo kwa kroshia ili wanafunzi wake wazishike mkononi.

Hatua ya 6: Njia iliyonyooka

Juu ya uso uliopinda, njia nyoofu ni ile isiyokata kona kushoto wala kulia. Inaitwa jiodesiki. Kuichora ni rahisi kuliko kuikokotoa: chukua utepe mwembamba, au kipande cha ukili ambacho hakijashonwa, ulaze juu ya uso bila kuukunja wala kuuvuta pembeni. Unapokwenda wenyewe ndipo jiodesiki inapopita. Juu ya chungwa utazunguka na kurudi ulikoanzia. Juu ya mpini wa fagio utapata ule uzi wa hatua ya 3, na sasa unajua kwa nini ulinyooka karatasi ilipofunguliwa. Ujaribu na kwenye shingo la mtungi. Milinganyo yake ni mirefu na chuoni utaiandika mpaka mkono uchoke, kwa hiyo sasa hivi ifanye kwa silinda na tufe tu.

Hatua ya 7: Jumlisha mpindo wote

Chukua boksi la kiberiti. Kila kona inakutanisha pembe tatu za digrii 90, jumla 270, zikipungua 90 kufika 360. Kona ni 8, kwa hiyo upungufu wote ni 720. Sasa tengeneza kwa karatasi umbo la pembetatu nne sawa: kila kona ina 180, inapungua 180, kona ni 4, jumla 720. Jaribu umbo lolote lisilo na tundu, utapata 720. Tufe nayo: K ni 1/R², eneo ni 4πR², zao ni 4π, ambazo ni digrii 720.

Tyubu ya baiskeli inatoa sifuri. Mpindo chanya wa nje na hasi wa ndani vinafutana kabisa, iwe ya baiskeli ya mtoto au ya lori. Ukiiminya, ukiikunja, jumla inabaki sifuri ilimradi tundu la katikati lipo. Nadharia inayosema hivyo ni ya Gauss na Bonnet, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote katika kozi ya kwanza: kipimo kinachofanyika nukta kwa nukta kinakueleza umbo zima lina matundu mangapi.

Kwa pembetatu inasema hivi: juu ya uso, pembe tatu za pembetatu ya jiodesiki ukizijumlisha na kutoa digrii 180, kinachobaki ni jumla ya mpindo uliomo ndani yake. Kata chungwa vipande nane vilivyo sawa kwa mikato mitatu inayopita katikati na kukutana kwa pembe mraba; kila kipande cha ganda kina pembe tatu za 90. Weka njiti ya kiberiti kwenye kona moja, itembeze kuzunguka kingo zote tatu bila kuigeuza. Ikirudi ilipoanzia itakuwa imegeuka digrii 90.

Baada ya hapo

Manifoldi ije sasa, siyo kabla. Mwaka 1854, Göttingen, mwanahisabati Riemann alitoa mhadhara ambamo alimwondoa kabisa mtazamaji wa nje: chukua idadi yoyote ya namba, weka kanuni ya kupima hatua ndogo, na tayari una jiometri, iwe ya vipimo viwili, vitatu au vinne. Einstein aliitumia jiometri hiyo mwaka 1915 kueleza uvutano kama mpindo wa nafasi na wakati. Simu inayokuonyesha uko Chumbageni au Raskazone inategemea hesabu hizo: saa za setilaiti za GPS hukimbia mbele ya za ardhini kwa karibu mikrosekunde 38, yaani sehemu 38 kati ya milioni moja za sekunde, kila siku, na zisiporekebishwa kosa la mahali lingekua kwa kilomita kama 10 kwa siku.

Kuhusu muda: wiki tatu kwa hatua ya kwanza, nne kwa mistari na msokoto, mbili kwa fomu ya msingi, tano kwa mpindo wa uso, zilizobaki kwa mengine. Saa mbili kwa siku, asubuhi kabla ya joto. Kwenye daftari gawanya ukurasa sehemu mbili: kushoto ulichopima, kulia ulichokokotoa. GeoGebra, programu ya kuchora hisabati, ni ya bure, na ukiwa na simu tu inatosha kuchora nyuso na kuzizungusha. Itumie baada ya kuchora kwa mkono. Na mtafute mwenzako mmoja wa kumweleza kila hatua kwa Kiswahili, maana chuoni utayasikia yote haya kwa Kiingereza, na ukiwa umeshaelewa maana, maneno mapya hayatakusumbua.

Zoezi la mwisho la kufanya kabla hujafunga begi: chukua pembetatu ya Tanga, Mwanza na Mbeya. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 234,000. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371. Tafuta pembe zake tatu zinazidi digrii 180 kwa kiasi gani. Jibu ni karibu theluthi moja ya digrii. Ukipata 0.0058, kazi yako ni sahihi. Umesahau tu kubadili radiani kuwa digrii.